Uzi kwa wanaoomba urubani kadeti: pima afya kwanza, kiwanja kiuzwe baadaye

Mkwezi_wa_Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila tangazo la marubani kadeti (wanafunzi wa urubani wanaosomeshwa na shirika la ndege) likitoka, inbox yangu hujaa. Watu wanauliza barua ya maombi iandikweje, wavae nini siku ya usaili, waanze na nani. Ni mara chache sana mtu kuniuliza habari za macho. Nimeamua kuandika uzi huu, na nitaanza na macho hayo hayo.

Nilisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) na rafiki yangu mmoja, darasa moja, bweni moja. Baba yao alipofariki aliwaachia kiwanja Kibaha. Tulipomaliza kidato cha sita mama yake akakiuza, wakalipa awamu ya kwanza ya ada kwenye chuo cha urubani nje ya nchi. Walipouliza kuhusu afya waliambiwa atapimwa akifika. Akafika. Wiki ya pili akawekwa mbele ya kitabu cha Ishihara, zile sahani za nukta nukta za rangi zenye namba katikati. Sahani ya kwanza akaisoma, maana ile husomwa na kila mtu. Kuanzia ya pili akawa anasoma namba zisizo sahihi au anaona nukta tupu. Miaka 20 ameishi, amevuka barabara, amecheza mpira, hajawahi kujua kwamba nyekundu na kijani kwake ni karibu kitu kimoja. Sehemu kubwa ya ada haikurudi.

Kipimo kile ni cha dakika tano. Daktari yeyote wa macho mwenye kitabu hicho angemfanyia kabla mama hajasaini hati ya mauzo. Nikikumbuka uso wa yule mama naumia mpaka leo.

Sasa nieleze hatua kwa hatua. Mimi ni rubani msaidizi. Nilipitia njia ya kadeti, nikakataliwa mara ya kwanza, nikachukuliwa mara ya pili. Kabla ya hapo nilifanya kazi ya kupakia na kushusha mizigo uwanjani Dar kwa miaka miwili.

AFYA

Ukitaka kurusha ndege kama kazi, unahitaji cheti cha afya daraja la kwanza, wenyewe tunakiita Klasi 1. Viwango vya msingi vinatoka ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na kila nchi inavisimamia kupitia mamlaka yake: kwetu TCAA, Kenya KCAA, Uganda UCAA. Huendi kwa daktari yeyote tu. Unakwenda kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka, na orodha yao unaipata kwenye mamlaka yenyewe.

Siku hiyo unajaza fomu ndefu ya historia yako: umewahi kuzimia? Kifafa? Pumu? Upasuaji? Maradhi ya akili? Dawa unazotumia? Kisha mkojo, kwa ajili ya sukari na protini. Damu. Shinikizo la damu. Kipimo cha umeme wa moyo. Mapafu. Masikio unapimwa ukiwa umevaa spika za kichwani ndani ya chumba kimya, unabonyeza kitufe kila unaposikia mlio. Kiwango cha ICAO ni kwamba usiwe umepungukiwa usikivu zaidi ya desibeli 35 kwenye masafa ya hezi 500, 1,000 na 2,000, wala zaidi ya desibeli 50 kwenye hezi 3,000. Wale wa kulala na muziki masikioni, jitazameni.

Macho: kila jicho lifikie 6/9 (usome ukiwa mita 6 herufi ambazo jicho la kawaida husoma likiwa mita 9) au bora zaidi, na yote mawili kwa pamoja 6/6. Miwani inaruhusiwa. Narudia kwa herufi kubwa maana swali hili halifi: MIWANI INARUHUSIWA, mradi ikufikishe kwenye kiwango hicho, na ukiwa kazini lazima uwe na miwani ya akiba karibu nawe.

Rangi je, kwa nini ni jambo zito? Usiku ndege nyingine unaitambua kwa taa. Bawa la kushoto lina taa nyekundu, la kulia kijani, na kwa kuangalia rangi unajua kama inakuja kwako au inakwenda zake. Ukikaribia kutua, pembeni ya njia kuna taa nne za PAPI. Nyeupe mbili na nyekundu mbili maana yake uko sawa. Nyeupe zote nne uko juu mno, nyekundu zote nne uko chini mno. Redio ikifa, mnara unakumulikia taa ya kijani au nyekundu. Asiyetofautisha rangi hizo anabeba abiria gizani kwa kubahatisha.

Upofu huu wa rangi kwa mtoto wa kiume hurithiwa upande wa mama. Kwa hiyo kabla ya yote waulize wajomba zako na babu mzaa mama.

Mimi mwenyewe siku ya kupima presha ilipanda kwa woga. Daktari alikuwa mtu mzima mwenye busara, akaniambia nikakae nje kwenye benchi nusu saa, nisishike simu. Aliponirudia ikawa imeshuka. Lala vizuri usiku wa kuamkia kipimo, usinywe kahawa asubuhi, fika mapema. Na kwenye ile fomu usidanganye. Jambo ulilolieleza mwenyewe daktari anaweza kulichunguza na kuliamulia. Ulilolificha likigundulika miaka mitano baadaye, leseni yako iko mashakani hata kama ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo.

Naendelea na mitihani baada ya kula. Ulizeni huku chini.

Kijana_wa_Nachingwea

Mkuu ubarikiwe. Mimi nina chembe za selimundu, ile ya kubeba tu, siumwi. Je, nimeshakosa? Na swali la pili samahani, ni la ndugu yangu: mtu anayeishi na VVU anaweza?

Mkwezi_wa_Pangani

Mdogo wangu, kubeba tu kwa kawaida hakukuzuii. Mgonjwa wa selimundu yenyewe ndiye hupata shida, maana mwili wake hauvumilii upungufu wa oksijeni. Nenda na majibu yako ya maabara yanayoonyesha wazi kwamba ni mbebaji, yatamrahisishia daktari kazi.

La ndugu yako wala usiombe samahani. Kiwango cha ICAO hakimkatai mtu kwa sababu tu ana virusi. Kinataka achunguzwe kikamilifu na ithibitike kwamba hali yake haiwezi kuingilia urushaji salama. Uamuzi ni wa mamlaka na daktari wake, mtu kwa mtu. Asikate tamaa kwa maneno ya vijiweni, aende akaulize mwenyewe.

Mkwezi_wa_Pangani

MITIHANI

Kwanza wanaangalia vyeti. Hisabati, fizikia na Kiingereza ndivyo vinavyotazamwa kuliko vingine. Kisha unaitwa kwenye mitihani ya kompyuta. Hapa ndipo nilipopoteza alama nyingi mara ya kwanza, na zilipotelea kwenye hesabu za kichwa, mimi mtoto wa PCM niliyepata alama nzuri. Nilikuwa nimezoea kikokotoo. Pale hakuna kikokotoo, hakuna karatasi, na saa inakimbia mbele ya macho yako.

Mfano wa maswali ninayowafanyisha vijana ninaowasaidia:

Ndege inakwenda noti 240, yaani maili 240 za baharini kwa saa. Kwa dakika moja inakula maili ngapi za baharini? Gawa kwa 60, ni 4.

Umbali maili 90, mwendo noti 120. Dakika ngapi? 45.

Inatumia mafuta paundi 300 kwa saa, safari ni saa 1 na dakika 40. Paundi 500.

Uko futi 9,000, unataka kushuka hadi 3,000. Uanze kushuka ukiwa umebakiza maili ngapi? Marubani wana kanuni yao: kila futi 1,000 zinataka maili 3. Futi 6,000, basi maili 18. Kama mwendo wako juu ya ardhi ni noti 180, unakula maili 3 kwa dakika, utashuka kwa dakika 6, yaani futi 1,000 kila dakika.

Njia ya kurukia ya Dar upande mmoja inaitwa 05. Upande wa pili je? Namba hizo ni nyuzi za dira zilizogawanywa kwa 10, kwa hiyo ongeza 18, ni 23.

Nilipokataliwa nikawa najiuliza maswali haya nikiwa nasukuma mikokoteni ya mizigo. Ndani ya daladala natazama namba za magari, nazijumlisha, nazigawa. Miezi minane. Mara ya pili hesabu ndiyo ilikuwa sehemu yangu rahisi.

Kuna pia mtihani wa kushika usukani: unafuata alama kwenye skrini kwa mkono na huku unajibu hesabu unazosikia masikioni. Siri yake ni kutoacha kimoja ukakumbatia kingine. Wanaokwama ni wale wanaotaka hesabu iwe sahihi kabisa mpaka alama inatoka nje ya skrini. Gusa hiki, rudi kwenye kile, rudi tena. Mpishi wa pilau hasimami juu ya nyama akasahau mchele.

Bint_Ukerewe

Kaka shikamoo. Mimi ni msichana, nimemaliza PGM. Nyumbani wananiambia hiyo kazi ni ya wanaume na kwamba kwenye usaili watanikata tu. Je, kuna urefu maalumu unaotakiwa? Mimi ni mfupi.

Mkwezi_wa_Pangani

Marahaba dada. Urefu hutegemea shirika, usome kwenye tangazo lao. Kinachotazamwa ni kama miguu inafikia pedali mpaka mwisho na macho yanaona nje vizuri ukiwa umekaa. Viti vyenyewe vinasogezwa mbele na kupandishwa.

Na nyumbani waambie habari za Irene Koki Mutungi wa Kenya. Ndiye rubani wa kwanza mwanamke wa Kenya Airways, na akafika kuwa nahodha wa Boeing 787. Siku ile nilipofaulu, mtu aliyeongoza kundi letu kwa alama za mtihani wa usukani alikuwa msichana. Omba dada, omba mapema.

Njia_ya_Wilson

Habari ndugu zangu wa Bongo. Mimi niko Nairobi, nilisomea hapa uwanja wa ndege wa Wilson kwa pesa ya nyumbani, si kadeti. Naomba niongeze jambo moja ambalo wazazi hawaambiwi. Leseni ya biashara, CPL, unaweza kuipata ukiwa na masaa 200 ya kuruka, hata 150 kama kozi yako imeidhinishwa. Sasa ukishaipata, unabisha mlango wa shirika na wanataka mtu mwenye masaa mengi kuliko hayo. Leseni ya juu ya ATPL inataka masaa 1,500. Hapo katikati kuna bonde, na vijana wengi wako ndani ya hilo bonde wakiwa na leseni mkononi na deni mgongoni. Mimi nilikaa miaka miwili nikifanya kazi ya ofisi hangani kabla sijapata kiti kwenye Caravan, ndege ndogo ya kupeleka watalii Maasai Mara. Ukadeti ni kitu cha maana kwa sababu hiyo: shirika linakuvusha bonde. Kwa hivyo mtu akipata nafasi ya kuomba, asiichukulie kama bahati nasibu, ajiandae kweli kweli.

Mkwezi_wa_Pangani

Asante sana ndugu, umesema lililonipita. Na gharama ya kujisomesha kuanzia mwanzo mpaka CPL mara nyingi huvuka shilingi milioni 100 za kwetu. Ndiyo maana nasisitiza dakika tano za Ishihara.

USAILI

Kwanza kazi ya kundi. Mnakaa sita au saba, mnapewa tatizo: ndege imeanguka porini, mna vitu 12, chagueni vitano. Wasaili wako pembeni na kalamu. Jibu lenyewe halina uzito kama mnavyodhani. Wanaangalia nani anasikiliza, nani anamkatiza mwenzake, nani anamuona yule mkimya na kumuuliza, "Wewe mwenzetu unaonaje?" Mara zote mbili nilizofanya, waliozungumza kuliko wote hawakuchaguliwa.

Kisha jopo. Kwangu walikuwa watatu: nahodha mkongwe, mtu wa rasilimali watu na mwalimu wa mafunzo. Maswali ya ufundi hayakuwa makali: nguvu nne zinazoikabili ndege, bawa linainuaje, kwa nini joto la mchana na uwanja ulio juu kama Nairobi huifanya ndege ihitaji njia ndefu zaidi kuruka. Soma fizikia yako ya sekondari upya, uielewe mpaka uweze kumwelezea bibi yako.

Lijue shirika unaloliomba. Anayeomba ATCL, yaani Air Tanzania, ajue kwamba wana ndege aina ya Q400, A220, 787, 737 MAX 9 na 767 ya mizigo, na ajue kila moja ni ya kazi gani. Ajue kwamba A220 zao zilikaa chini kwa muda kwa sababu ya tatizo la injini lililoyakumba mashirika mengi duniani. Aliyefuatilia habari hizo kwa mapenzi hajifichi, anaanza kuzungumza macho yanang'aa.

Sasa swali lililonibakia kichwani. Nahodha alinitazama akaniuliza: "Mimi ndiye kapteni wako, nina masaa 12,000, wewe una 250. Unaona nimeshuka chini ya kimo tulichopewa. Utafanya nini?"

Mara ya kwanza nilipoulizwa kitu kama hicho nilijibu kwa heshima za kwetu: nitamkumbusha kwa upole, nitasubiri, maana yeye ni mkubwa na anajua zaidi. Niliona kalamu zikiandika. Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma, nikakutana na ajali ya uwanja wa Tenerife. Tarehe 27 Machi 1977, ukungu umetanda, ndege ya KLM ikaanza kukimbia kuruka huku ya Pan Am ingali kwenye njia ile ile. Fundi wa ndege aliyekuwa nyuma ya marubani wa KLM aliuliza kama wale wameshatoka njiani. Nahodha, mtu mwenye jina kubwa kwenye shirika lake, akajibu kwamba ndiyo. Hakuna aliyeuliza tena. Watu 583 walikufa.

Sisi tumelelewa kumwamkia mkubwa na kutomkosoa mbele ya watu, na malezi hayo nayapenda, nitawalea wanangu hivyo hivyo. Lakini ndani ya chumba cha marubani, heshima kwa mkubwa ni kumwambia. Mara ya pili nilijibu hivi: "Nitakuambia kimo ulichopo na kimo tulichopewa, kwa namba. Usipojibu nitarudia kwa sauti ya juu zaidi na kukuambia turekebishe. Usiporekebisha na hatari ipo, nitasema nachukua ndege, na nitaichukua." Akauliza, "Hata mimi?" Nikasema, "Hata wewe, kapteni, na nikishatua nitakuamkia kama kawaida." Sikuwa nimeikariri. Ndivyo ninavyoamini.

Mnaweza kuulizwa pia kuhusu ajali ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya ATR iliyoingia Ziwa Victoria ikiwa na watu 43, wakafa 19, marubani wote wawili wakiwemo. Nawaombeni, usikae mbele ya jopo ukaanza kuwahukumu marehemu. Zungumzia hali ya hewa, uamuzi wa kwenda kutua kwingine, uokoaji. Walioko mbele yako huenda waliwazika.

Tahasusi_HGL

Mkuu kuna mtu ananiambia nimpe laki nane aniunganishe na mtu wa ndani, fomu yangu iwekwe juu. Anasema nafasi zinaisha wiki hii.

Mkwezi_wa_Pangani

Usimpe hata mia. Tangazo la kweli liko kwenye tovuti ya shirika lenyewe, na mtihani wa kompyuta hakuna mtu wa ndani anayeweza kukufanyia. Kama kidato cha nne ulifaulu hisabati na fizikia, usijikatae kwa sababu ya HGL (historia, jiografia na Kiingereza), soma tangazo vizuri uone wanataka nini.

Na ukichaguliwa kuna mkataba. Shirika likikusomesha, unajifunga kulitumikia kwa miaka kadhaa, na mara nyingi mzazi au mlezi anasaini kama mdhamini. Tafuta wakili ausome. Uliza: nikishindwa mtihani wa leseni nani analipa? Nikipoteza cheti cha afya kwa ugonjwa, deni linakuwaje? Mafunzo ya aina ya ndege nitakayopewa yamo humo au ni deni jingine? Baba yangu alisaini wangu akiwa ameelewa kila kifungu, na hiyo ilinipa usingizi chuoni.

Mzee_wa_Soroti

Vijana, nimesoma kimya kimya. Sisi tulifundishwa Soroti, Uganda, chuo kilichoanzishwa 1971 enzi za Jumuiya ya zamani. Wakenya, Waganda na Watanzania bweni moja. Alichosema kijana huyu kuhusu kumwambia kapteni, kwetu hakikufundishwa. Tulijifunza kwa kuogopa. Yashikeni.

Mkwezi_wa_Pangani

Shikamoo mzee wangu. Ukipata nafasi, tunaomba utuandikie uzi wako.

MamaJunior_Tanga

Mwanangu Mkwezi, salaam. Niliusoma uzi huu juzi usiku. Junior ana miaka 18, tulikuwa tumeshapata mnunuzi wa shamba letu la Muheza, tulipe ada. Nikamwambia mnunuzi asubiri. Jana tumekwenda kwa daktari wa macho. Uonaji wa mbali umetoka vizuri, macho yote mawili. Kwenye kile kitabu cha nukta amesoma nyingi lakini nne zimemshinda. Daktari hapa hakutaka kusema amefaulu au ameshindwa. Mtoto hajala tangu jana. Nifanyeje?

Mkwezi_wa_Pangani

Shikamoo mama. Pole sana, na umefanya jambo kubwa kumsimamisha mnunuzi.

Kushindwa sahani kadhaa si hukumu. Kitabu kile ni chujio la kwanza, kinawanasa hata baadhi ya watu ambao tatizo lao ni dogo. Kuna vipimo vya pili vinavyopima upungufu ni wa kiasi gani: kipimo cha taa za rangi, na kile cha kompyuta kinachoitwa CAD kilichobuniwa chuo kikuu cha City, London. Nenda sasa kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA, umwambie wazi sahani ngapi zilimshinda, na umuulize mambo mawili: mamlaka inakubali kipimo kipi cha pili, na kinafanyika wapi. Majibu uyachukue kwa maandishi. Hakikisha chumba kina mwanga mzuri wa mchana, maana taa ya njano ya ndani huharibu rangi za zile sahani.

Mnunuzi aendelee kusubiri. Kama ana haraka, atafute shamba jingine.

Junior naomba nizungumze naye. Nitumie namba kwenye inbox, mama, kesho nina safari ya asubuhi tu, saa nane nitakuwa nimeshatua.

MamaJunior_Tanga

Marahaba mwanangu. Nimekutumia. Tunapanda basi la alfajiri kwenda Dar.